Mashine Niliyokataa Kuiamkia

Mimi kitu cha kunishangaza hakipo. Nimeona injini iliyotiwa mafuta ya ufuta ikanukia vitumbua mtaa mzima. Nimeona panya kazaa watoto saba ndani ya chujio la hewa, na mashine inawaka, na mama mtu hataki kuhama. Nimeona bwana mmoja wa ofisini, mtu wa tai na mshahara, kalaza mashine yake ya kukatia majani upande usiotakiwa, oili yote imehamia kwenye chujio, halafu ananipigia simu kuwa karogwa na jirani. Nilimwambia, "Bosi, jirani hana kosa. Umemlaza mgonjwa kichwa chini, ulitaka asitapike?"

Kwa hiyo ukinijia na habari ya injini ndogo, usishangae nikikukatiza katikati. Hiyo habari naijua, na mwisho wake naujua.

Mwaka huu nimeacha kazi. Watu wanasema nimezeeka, waongo hao. Nina miaka hamsini na mitatu. Kilichostaafu ni bega la kulia, lile la kuvutia kamba, na halikuniomba ruhusa. Sasa ninyi vijana mnakuja kuniuliza maswali hapa Newala kila siku mpaka chai yangu inapoa, ndiyo maana nimeamua kuandika. Shule niliishia darasa la tano. Anayetaka kusahihisha herufi asahihishe, lakini habari ya oili asiiguse. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, bati la rangi, tangi la lita elfu tano la kukingia maji ya mvua, vyote vimetoka kwenye oili. Wapo wenye digrii mji huu, na ikifika mwezi wa kumi wanatuma ndoo kwangu.

Tuanze na tumbo. Kabla hujashika spana, jiulize: injini hii ina tumbo au haina?

Sisi wa uwanda huu tumekulia kwenye moshi wa mashine za salfa, ile dawa ya mikorosho. Mtoto wa hapa anajua kuchanganya petroli na oili kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mashine ya kupulizia mikorosho haina tumbo la oili. Unamimina oili kwenye dumu la petroli, unatikisa, unajaza tangi, unabeba mgongoni, unavuta kamba, basi. Oili inapita humo humo na petroli. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka mingi mpaka watu wakaniita Fundi Salfa, na jina hilo nililivaa kama koti. Msimu wa kupulizia ukifika, wakulima kutoka Newala mpaka Masasi walipanga foleni kwangu. Mikono yangu ilichanganya oili na petroli yenyewe, kichwa kikiwa kwenye mambo mengine.

Mashine ya kukatia majani ni kabila jingine. Hiyo ina tumbo. Petroli inakaa juu, kwenye tangi lake, peke yake. Oili inakaa chini, tumboni, peke yake. Hazijuani. Na ikitoka dukani, kijana wangu, tumbo hilo ni tupu. Kiwandani hawaweki oili, isije ikamwagika njiani. Weka hilo akilini, maana ndilo lililonifikisha ninapokwenda kukufikisha.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chilumba wa Nanganga, pale barabarani, aliyekuwa na mashine ya kusaga. Mmakua yule alikuwa na maneno machache na makofi mengi. Nilikaa kwake mwezi mzima bila kuruhusiwa spana. Kazi yangu ilikuwa kunusa. Alinidondoshea oili kidoleni, akasema, "Sema."

"Nyeusi, Mzee."

"Rangi hata mbuzi anaiona. Nimekuuliza inasema nini."

Ndivyo nilivyojifunza. Oili ikinuka kama kitu kilichoungua, injini imefanya kazi na joto kali. Ikinuka petroli, kabureta inavuja na petroli inateremka tumboni. Ikiwa nyeupe kama uji, maji yameingia. Na ukiisugua kati ya vidole ukaona inametameta kama kucha za bi harusi, usifurahi. Hayo ni machuma, injini inajitafuna.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kuwasha, Mzee alikuwa na ada yake. Alipiga goti mbele ya mashine. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakiinua kwenye mwanga. Siku ya kwanza nikamuuliza, "Mzee, unafanya nini?"

"Naiamkia."

"Unaiamkia mashine?"

"Inayokulisha ni mkubwa wako, hata kama imetoka kiwandani jana. Piga goti, chomoa kijiti. Ukikuta oili iko kati ya alama mbili, imekuitikia marahaba. Ukikuta kijiti kikavu, imekununia. Usiguse kamba."

Nilicheka mpaka akanipa kofi la somo hilo. Kisha nikaondoka, nikaenda kwenye mashine za salfa ambazo hazina kijiti wala tumbo, na magoti yangu yakasahau.

Sasa njoo na mimi kwa Mama Neema.

Mama Neema ni muuguzi mstaafu, mtu wa Bukoba aliyeletwa na kazi akapapenda hapa. Nyumbani kwake ana uwanja wa majani kama wa picha ya kalenda. Huu ni mji ambao ndoo ya maji ina bei, na yeye majani yake anayanywesha maji ya kufulia! Majirani walisema ng'ombe akila pale atatoa povu. Yeye hakujali. Kila Jumamosi aliinama na fyekeo, mgongo ukimlalamikia, akakata mwenyewe.

Miaka sita iliyopita, mwanawe Neema alipata mchumba, kijana anaitwa Emmanuel, anafanya kazi Dodoma. Kijana alipokuja mara ya kwanza alimkuta mama mkwe ameinama na fyekeo. Akarudi Dodoma. Wengine wangeleta blanketi au vitenge. Yeye, wiki ya sherehe ya kumuaga binti, akatuma kwa gari la mizigo mashine mpya ya kukatia majani, ndani ya boksi.

Mama Neema akaniita Jumatatu asubuhi. Sherehe ilikuwa Jumamosi, pale pale uwanjani, na majani yalikuwa yamefika magotini kwa mvua zile za mwisho, maana maandalizi hayakumwachia Jumamosi ya kufyeka.

Nikafika nimevaa suruali mpya ya rangi ya maziwa. Barazani nilikuta kamati nzima ya wanawake wanachambua mchele.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, Baba Zuhura. Karibu. Boksi lile pale, sijaligusa. Wewe umeshawahi kuzishika hizi?"

Kijana, hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Nilikuwa nimeziona kwa mbali, kwenye viwanja vya misheni kule Ndanda, zikisukumwa na watu wengine. Nikajibu, "Mama, hakuna injini iliyotengenezwa na binadamu inayoweza kunishangaza mimi."

Wanawake wakaguna kwa heshima. Nikafungua boksi. Ndani mna mashine, mna kitabu cha maelezo, na mna chupa ndogo ya oili. Mimi kuiona ile chupa nikatabasamu: hawa watu wa Dodoma wana adabu, wametuma na oili ya kuchanganya! Nikaimimina yote kwenye dumu la petroli, nikatikisa, nikajaza tangi.

"Baba Zuhura, si kuna kitabu hapo?" akasema Mama Neema.

"Mama, kitabu ni cha wasiojua."

Nilipokuwa nafunga mpini, niliona kifuniko cha njano kando ya injini, kimechorwa picha ya kopo la oili. Kuchora kote huko! Hata mtoto angeelewa. Na kweli kabisa, sauti ya Mzee Chilumba ilipita kichwani: piga goti. Nikatazama suruali yangu. Nikatazama wanawake wananitazama. Nikatazama mashine, bado ina plastiki kwenye mpini. Nikasema moyoni: huyu mchanga ndiye wa kuniamkia mimi.

Nikavuta kamba. Ikawaka mara ya pili, na moshi wa bluu ukafunika baraza.

"Baba Zuhura!" sauti ikatoka ndani ya moshi. "Mbona kama tunapuliziwa salfa?"

"Moshi huo ni afya, akina mama! Unafukuza mbu!" Nikaupepea kwa kile kitabu cha maelezo. Ndiyo kazi pekee iliyofanywa na kitabu kile siku hiyo.

Nikasukuma. Aisee, ilikata! Nilikwenda mstari mmoja, nikageuka, nikaja mstari wa pili, natembea kifua mbele. Mstari wa tatu mashine ikaanza kuimba sauti nyembamba. Nikadhani imefurahi. Katikati ya uwanja ikatoa mlio mmoja, "Kwiii-ko!", ikanyamaza.

Nikavuta kamba. Kamba haikuja. Nikavuta kwa nguvu zote, nikainua mashine nzima kutoka ardhini, ikaning'inia mkononi kama jogoo wa kuuzwa.

"Imekufa?" akauliza mmoja barazani.

"Imepumzika."

"Mbona imepumzika kama marehemu?"

Mama Neema akashuka taratibu. Akaweka kiganja juu ya injini, akakitoa haraka kwa joto. Akanitazama.

"Baba Zuhura, nimefanya kazi wodini miaka thelathini na miwili. Namjua aliyelala, na namjua aliyekwenda."

Nikajifanya nakagua kamba.

Akanivuta pembeni, wanawake wasisikie. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sitaki unilipe mashine. Yule kijana aliniona nimeinama, akanionea huruma kabla hajawa mwanangu. Jumamosi saa nne anafika na wazee wake. Kitu cha kwanza atauliza zawadi yake. Nitamwambia nini? Kwamba imefia mikononi mwetu hata wiki haijaisha? Wazee wake watasema tunamchukua kijana wao tumtunze hivyo hivyo."

"Mama, Jumamosi itawaka."

"Usiniambie itawaka. Iwashe. Majani utatafuta watu wayafyeke, kwa gharama yako. Lakini pale pembeni mwa mlango nakuachia kipande, kama mikeka miwili. Kipande hicho kitakatwa na mashine hii, mbele ya mkwe wangu, na wewe ndiye utakayeiwasha."

Nikaifungua injini kutoka kwenye bodi, nikaenda nayo nyumbani ndani ya gunia. Mke wangu, Mama Zuhura, akanipokea mlangoni. "Si ulisema hakuna injini inayokushinda?"

"Haijanishinda. Tumetoka sare."

"Sare, na wewe ndiye umeibeba?"

Jumanne alfajiri nikapata Fuso lililokuwa linashusha makreti ya soda tupu Masasi. Tukateremka mlima, mimi na gunia langu, chupa zinalia kama zinanicheka. Masasi nikapata gari jingine mpaka Nanganga.

Mzee Chilumba alikuwa ameshakuwa mzee kweli. Alikuwa ameketi juu ya bloku la injini kuukuu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeniletea maiti?"

Nikaiweka chini. Akanyoosha mkono, akafungua kile kifuniko cha njano, akachomoa kijiti. Kumbe kilikuwa kijiti muda wote! Akakiinua kwenye mwanga. Kikavu kama ndoo ya Newala mwezi wa kumi.

"Oili uliiweka wapi?"

"Kwenye petroli, Mzee."

Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka mkewe akatoka ndani na kikombe cha maji, akampigapiga mgongoni. Alipopata pumzi akauliza swali moja tu.

"Uliiamkia?"

"Mzee, ilikuwa mpya."

"Mpya! Mkuu wako wa kazi akiletwa leo asubuhi, hajamaliza hata siku, utamwambia akuamkie yeye kwa kuwa ni mpya?"

"Hapana, Mzee."

"Fungua."

Tukafungua. Nasema tukafungua, lakini nilifungua mimi. Yeye alikataa kugusa. "Mkono wangu umepumzika. Wako haujatubu." Ndani hali ilikuwa mbaya. Ile konrodi, mkono unaoshika pistoni na krenki, ule mhimili unaozungusha kisu, ilikuwa imeungua kwa kukosa oili, ikang'ang'ania krenki kama ukoko kwenye sufuria. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo. Lakini krenki haikuvunjika wala ganda halikutoboka. Mzee akapitisha ukucha kwenye chuma, akasikiliza kama daktari.

"Itapona. Konrodi mpya, ringi mpya, gasketi. Na wewe usugue hiyo krenki kwa msasa laini mpaka uone uso wako. Ukiuona, uutazame vizuri."

Nikapiga simu Dar es Salaam, wakaniambia kifurushi kitafika Masasi na basi la Alhamisi. Basi, siku mbili nikawa Nanganga nasugua krenki. Kwa kuwa na wewe unangoja basi pamoja nami, nikupe maneno ya kazi, bure.

Pima oili mashine ikiwa imesimama mahali tambarare, injini ikiwa imepoa. Uwanda wetu si tambarare kama unavyoitwa. Weka mashine kwenye saruji ya baraza. Futa kijiti kwanza, maana cha mara ya kwanza husema uongo. Kati ya alama mbili, hapo ndipo. Usizidishe kwa ukarimu. Nina mteja Masasi, mwenye nyumba ya wageni, mtu mwema sana, akaionea injini huruma, akaijaza mpaka shingoni. Ilipowaka ilitoa moshi mpaka wageni wakatoka na mizigo yao, mmoja na taulo tu.

Mashine mpya, oili ya kwanza ibadilishe mapema, baada ya kukata kwa saa tano hivi, kwa sababu injini changa huota meno na vipande hubaki kwenye oili. Baada ya hapo, kwa uwanja wa nyumbani, kila mwanzo wa mvua inatosha. Ya kazi nzito ibadilishe mara nyingi zaidi. Imwage ikiwa bado na uvuguvugu, inatoka na uchafu wake. Chomoa kwanza waya wa plagi, uendelee kuwa na vidole kumi. Ukiilaza, plagi na chujio vitazame juu.

Tumia oili ya injini, namba iliyoandikwa kwenye kitabu. Usitumie ya ufuta! Mwalimu mmoja, mwenye ile injini iliyonukia vitumbua, alijitetea kuwa yametoka shambani kwake na hayana kemikali. Nilipofika, watoto wa jirani walikuwa wamesimama kwenye uzio na sahani. Na oili iliyotumika usimwage chini. Mpe jirani anayejenga apake nguzo zake, mchwa hawataki hata kuisikia.

Na usiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa. Hapo sina kisa cha kuchekesha.

Kifurushi kikafika. Ijumaa nikafunga injini, Mzee akiwa kwenye bloku lake ananikosoa kwa macho. Nikatia oili mpya tumboni, nikapima. Nilipotaka kuvuta kamba akasema, "Acha. Hapa si pa kuiwashia."

"Mzee, isipowaka kule je?"

"Basi utakuwa umeaibika. Lakini umefunga vizuri au hukufunga vizuri?"

"Nimefunga vizuri."

"Mimi nimeona ulivyofunga. Twende wote. Nimekuwa na hamu ya pilau."

Jumamosi saa tatu na nusu nilikuwa kwa Mama Neema nafunga injini kwenye bodi lake. Uwanja ulikuwa umefyekwa na wanaume wanne niliowalipa, mabaki ya kazi yangu ya Jumatatu yakionekana katikati kama panki la mtoto wa shule. Pembeni mwa mlango kile kipande kilikuwa kimesimama, mikeka miwili, majani yamenyooka yananisubiri.

Saa nne na robo wageni wakaingia na vigelegele. Emmanuel, kijana mrefu mpole, akamwamkia mama mkwe, akaamkia wazee, akaketi. Na kama Mama alivyosema, kabla ya soda ya kwanza kufunguliwa: "Mama, ile mashine imefika salama?"

Wale wanawake wa mchele wote walikuwapo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama pengine.

"Imefika, mwanangu," akasema Mama Neema. "Fundi yupo. Nimemwachia kipande uone mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini mikono aliificha ndani ya kitenge.

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa ile ile suruali ya rangi ya maziwa, Mama Zuhura aliifua mara mbili. Nikaenda mpaka kwenye mashine. Wazee wa Dodoma wananitazama, kamati inanitazama, Mzee Chilumba amekaa mstari wa mbele na kofia yake.

Nikapiga goti. Yote mawili, kwenye udongo mwekundu wa Newala, na udongo huo mnaujua hautoki. Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa leso yangu ya sherehe, nikakirudisha, nikakichomoa, nikakiinua kwenye jua. Oili ilikuwa kati ya alama mbili, safi kama asali.

"Sijasikia!" akapaza sauti Mzee Chilumba.

Nikageuka. "Mzee, mbele za watu?"

"Kiburi ulikifanyia mbele za watu."

Nikaikabili mashine. "Shikamoo."

Kutoka barazani sauti ya Mama Neema ikajibu, "Marahaba, mwanangu!" Watu wakapasuka kwa kicheko, mpaka wazee wa Dodoma ambao hawakujua kisa walicheka wakipiga mapaja. Nikasimama, nikashika kamba, nikavuta mara moja.

Ikawaka. Moshi hakuna. Inanguruma kama paka aliyeshiba. Nikakata ile mikeka miwili kwenda na kurudi, vigelegele juu yangu kana kwamba mimi ndiye ninayeolewa. Nilipozima, Mama Neema alikuwa ametoa mikono ndani ya kitenge, anapangusa macho.

Emmanuel akanijia, akanishika mkono. "Fundi, asante. Nilikuwa na wasiwasi, maana dukani waliniambia zikitoka kwenye boksi hazina oili, na watu wengi wanaziua siku ya kwanza. Ndiyo maana nikaweka ile chupa. Ilitosha?"

Nyuma yangu Mzee Chilumba akaanza kukohoa.

"Ilitosha," nikasema. "Yote niliitumia."

Na vijana, hapo ndipo kazi yangu ya mashine za majani ilipoanzia. Wazee wale walisema hawajapata kuona fundi mwenye heshima na kazi yake kiasi kile. Nikaitwa nyumba za wageni, viwanja vya mpira, nyua za makanisa na misikiti, kuanzia hapa mpaka Masasi. Kila nilipofika nilipiga goti kwanza, na wateja walipenda. Nimekuwa bingwa, na bingwa wa kweli haoni haya kusema alikoanzia, ilimradi amesema yeye mwenyewe, kabla Mama Zuhura hajasema.

Jioni ile, baada ya pilau, nilimsindikiza Mzee Chilumba kwenye gari la kumrudisha Nanganga. Nikamuuliza nimlipe kiasi gani kwa siku zile zote. Akafikiri.

"Mia tano."

"Mia tano tu, Mzee? Ya nini?"

"Somo la kuamkia. Mara ya kwanza nilikufundisha bure, ukalisahau. La mara ya pili linalipiwa, ulikumbuke."

Nikampa sarafu mkononi. Usiku huo Mama Zuhura akanifanyia hesabu, bila kuombwa: konrodi, ringi na gasketi elfu tisini na sita, kifurushi cha basi elfu nane, nauli zangu na za gunia elfu thelathini na moja, wafyekaji elfu arobaini, lita ya oili elfu kumi na nne, mchango wa sherehe, ambao kwa aibu niliupandisha, elfu hamsini, na sarafu ya Mzee. Kupiga goti kungenigharimu sabuni ya kufulia suruali. Kutopiga goti kulinigharimu shilingi laki mbili, thelathini na tisa elfu na mia tano.